Kikundi cha chakula mtaani: namna ya kuanza bila kungoja mfadhili

Mashariki mwa Kongo, kabla ya kuuliza bei ya maharagi sokoni, watu wanauliza kwanza habari ya barabara. Mapigano yakifunga njia ya Masisi, viazi na maharagi vinapungua Goma. Mashua zikisimama kwenye ziwa Kivu, akina mama wa Bukavu wanaiona hasara siku hiyo hiyo. Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, benki zilifunga milango, na familia nyingi zilibaki na pesa kidogo mkononi wakati bei zinabadilika kila asubuhi.

Mwezi wa tatu mwaka huo, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na kilimo, PAM na FAO, yalitangaza kwamba watu karibu milioni 28 nchini wanakabiliwa na njaa kali. Nchi hiyo hiyo inahesabiwa kuwa na hekta milioni 80 hivi za udongo unaofaa kulimwa, na ni sehemu ndogo tu inayolimwa.

Kikundi cha watu kumi wa mtaa mmoja hakiwezi kusimamisha vita wala kutengeneza barabara. Lakini kinaweza kufanya mboga za wiki zitoke karibu na nyumba, mbegu zisipotee, na watoto wajue kulima bila kuona haya. Vikundi vya namna hii viko sehemu nyingi za dunia. Vingine vimedumu miaka, vingine vimekufa baada ya msimu mmoja. Tumeangalia viwili vilivyodumu, kimoja jirani na kingine mbali, ili kuona ni nini kinaweza kutusaidia hapa kwetu.

Mukono: jembe lilikuwa fimbo

Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wilaya ya Mukono iko upande wa mashariki wa Kampala. Mwaka 2006, vijana wawili, Edward Mukiibi na Roger Serunjogi, walianza kutengeneza bustani kwenye masomo ya wilaya hiyo. Mukiibi alisomea kilimo kwenye chuo kikuu cha Makerere.

Shida waliyoiona ni ile ambayo wengi wetu tuliikuta masomoni. Mwanafunzi aliyechelewa au aliyepiga kelele alipewa jembe na kutumwa shambani. Mtoto anayeadhibiwa kwa jembe anakua akijua kwamba kulima ni kazi ya mwenye kosa au ya aliyeshindwa masomo. Wazee wetu wanakumbuka pia salongo ya wakati wa Mobutu: kazi ya pamoja ilikuwa nzuri kwa maneno, lakini watu walisukumwa kwenda.

Mukiibi na mwenzake waligeuza jambo hilo. Bustani ikawa mahali pa kujifunza, na wanafunzi wakapanda mboga na matunda ya kienyeji, wakayapika na kuyala wenyewe. Kazi ilianza kwenye masomo machache, kisha ikaenea. Baadaye iliungana na Slow Food, harakati iliyoanzia Italia na Carlo Petrini mwaka 1986, wakati watu walipopinga McDonald's kufungua duka la chakula katikati ya Roma. Mwaka 2010 Slow Food ilitangaza mpango wa bustani elfu moja barani Afrika, na lengo likapandishwa baadaye hadi elfu kumi. Kongo nayo imo katika harakati hiyo. Mwezi wa saba 2022, Mukiibi alichaguliwa kuwa rais wa Slow Food duniani, akichukua nafasi ya Petrini.

Kwa anayetaka kuanza, muhimu ni hapo mwanzo. Vijana hao walianza na jambo moja lililowaumiza na ambalo walilijua vizuri, wakalifuata mahali ambapo watoto, walimu na wazazi wanakutana tayari.

Todmorden: mahindi mbele ya polisi

Mfano wa pili unatoka Todmorden, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza wenye wakaaji karibu elfu 15. Mwaka 2008, Pam Warhurst, Mary Clear na wenzao walianzisha kikundi cha Incredible Edible. Hawakuwa na mfadhili. Walichukua vipande vya udongo ambavyo hakuna aliyevitumia, kando ya barabara, kwenye kituo cha treni, karibu na kituo cha afya, wakapanda mboga na viungo. Mbele ya kituo cha polisi walipanda mahindi. Yeyote aliyepita aliruhusiwa kuchuma bure.

Warhurst ameeleza mara nyingi kwamba kazi yao inafanana na sahani tatu zinazozunguka pamoja. Ya kwanza ni ujirani: watu kufahamiana kwa njia ya chakula. Ya pili ni mafunzo: masomo na watu wazima kujifunza kupanda. Ya tatu ni biashara: kusaidia wauzaji na wakulima wa pale pale. Walitengeneza hata ramani ya nyumba zinazouza mayai, ili watu wanunue kwa jirani. Leo vikundi vinavyofuata mfano huo vinapita mia moja nchini Uingereza.

Hapa kwetu, mboga ya kuchumwa bure kando ya barabara isingefika hata Jumapili. Njaa ya Goma si ile ya Todmorden. Lakini zile sahani tatu zinaweza kubebwa. Kikundi kinachopanda tu, bila kufundisha mtu na bila kumsaidia mama anayeuza sombe kwenye kona, kinabaki shamba la watu wachache.

Anza na likelemba

Kivu na Ituri hazihitaji kufundishwa namna ya kushirikiana. Kunako mtaa wowote utakuta likelemba, MUSO au AVEC, ambako akina mama wanaweka pesa pamoja na kukopeshana. Vikundi hivyo vina vitu vitatu ambavyo kikundi cha chakula kinahitaji tangu siku ya kwanza: siku ya kukutana inayojulikana, daftari linaloonwa na wote, na aibu ya kumdanganya jirani.

Kwa hiyo njia fupi ni kuongeza bustani kwenye kikundi ambacho tayari kinaaminiana, kuliko kuita watu wasiofahamiana. Kanisa, msikiti au kamati ya wazazi masomoni inaweza kufanya kazi hiyo pia.

Kujitolea nako kunahitaji kusemwa wazi. Mama anayeishi kwa faida ya kila siku sokoni hawezi kutoa siku nzima bure. Akiitoa, watoto hawatakula jioni. Vikundi vinavyodai muda mwingi vinabaki na watu wenye mshahara, na wale ambao chakula kinawahusu zaidi wanaondoka. Saa mbili kwa wiki, siku moja ile ile, zinatosha kwa bustani ndogo. Tena mavuno yagawanywe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya kupanda: sehemu ya waliofanya kazi, sehemu ya kuuza kwa ajili ya kisanduku, na sehemu ya mbegu.

Gunia, lengalenga na maji

Udongo ndio kizuizi cha kwanza mjini. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, volkano iliyolipuka 2002 na tena 2021. Bukavu iko kwenye miteremko iliyojaa nyumba, na mvua inashuka na udongo. Ndiyo maana bustani ya gunia imeenea: gunia linajazwa udongo uliochanganywa na samadi au takataka za jikoni zilizooza vizuri, katikati panapangwa vijiwe ili maji yashuke mpaka chini, na mboga inapandwa juu na pembeni kwenye matundu.

Lengalenga ndiyo mwalimu mzuri wa kikundi kipya. Baada ya mwezi mmoja hivi unaanza kuchuma, na watu wanapata moyo. Maharagi yanachukua karibu miezi mitatu, lakini yanatengeneza udongo kwa sababu mizizi yake inaingiza nitrojeni. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa vina vitamini A, ambayo watoto wengi wanaikosa, na majani yake yanaliwa pia.

Maji yanahitaji uangalifu. Kipindupindu kinajulikana sana kando ya ziwa Kivu na Tanganyika. Maji machafu yasimwagwe kwenye majani yanayoliwa mabichi, na mboga ipikwe au ioshwe na maji safi. Kikundi cha chakula kitakacholeta ugonjwa mtaani hakitapata nafasi ya pili.

Mbegu ni habari nyingine. Familia zilizokimbia vita mara nyingi zinaacha mbegu nyuma au kuzila njiani, na aina za maharagi na mahindi za kijiji zinaweza kupotea hivyo. Kikundi kinachokausha mbegu zake, kinaziandika jina na kuziweka kwa nyumba mbili au tatu tofauti, kinalinda kitu ambacho pesa haiwezi kurudisha haraka.

Sheria inasema nini

Watu kumi wanaolima pamoja kwenye uwanja wa kanisa hawahitaji kungoja karatasi ndipo waanze kupalilia. Lakini kikundi kikitaka kufungua konti ya benki kwa jina lake, kupokea msaada au kusaini mkataba, sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 ndiyo inayotawala mashirika yasiyotafuta faida, ASBL. Inadai wanachama wasiopungua saba, na kanuni zilizoandikwa. Hadhi kamili ya kisheria inatolewa na waziri wa sheria. Safari hiyo inaweza kuwa ndefu, na ni vizuri kumjulisha kiongozi wa mtaa na komini tangu mwanzo ili mkutano wenu usichukuliwe kuwa jambo lingine, hasa wakati huu wa vita.

Udongo nao, kwa sheria ya mwaka 1973, ni mali ya serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia. Huko kijijini chifu ana sauti yake. Mwenye kiwanja akiwaruhusu kwa mdomo tu, anaweza kuwaondoa siku mboga zinapokomaa. Andikeni karatasi rahisi: kipande gani, misimu mingapi, nani atavuna ikitokea kutoelewana. Wawepo mashahidi wawili na kiongozi wa mtaa. Karatasi hiyo haifanyi udongo kuwa wenu, lakini inapunguza ugomvi.

Vinavyoua kikundi

Cha kwanza ni kungoja mfadhili. Kivu imeona miradi mingi kwa miaka zaidi ya ishirini. Kikundi kinaundwa kwa sababu ya posho ya mafunzo, picha zinapigwa, na posho ikiisha bustani inarudi kuwa nyasi. Msaada si mbaya, ila uje kukuta kazi inatembea. Kikundi ambacho hakijawahi kuvuna kwa nguvu zake hakijui bado kama kinaweza kuishi.

Cha pili ni pesa kushikwa na mtu mmoja. Wawe watatu: mmoja anashika kisanduku, mwingine ufunguo, wa tatu daftari. Hesabu isomwe kwa sauti kila kikao.

Cha tatu ni kuanza kwa ukubwa. Magunia ishirini yanayotunzwa yana faida kuliko hekta moja iliyojaa magugu.

Cha nne ni kuwasahau wauzaji. Bustani ya kikundi ikiuza lengalenga kwa bei ya chini kuliko mama wa soko jirani, imemchukulia chakula mtu maskini kama wao. Afadhali akaribishwe: yeye anajua wateja, kikundi kinajua kupanda.

Mvua za msimu A zinaanza mwezi wa tisa. Anayetaka kuanza anaweza kutumia kiangazi kwa vikao vitatu. Cha kwanza cha kupatana watu na siku, cha pili cha karatasi ya kiwanja na kanuni ya mavuno, cha tatu cha kutafuta magunia, samadi na mbegu. Mvua ya kwanza ikishuka, kazi ya kupanda itachukua asubuhi moja tu.