Namba za Kura: Zipi za Bure, Zipi za Kulipia, Zipi za Kuziacha Dukani

Nina flashi moja kwenye droo ambayo sitaifuta. Niliinunua kwenye steshenari jirani na chuo, muuzaji akaniambia ina "data za siasa za Tanzania, zimeshasafishwa". Bei: shilingi elfu thelathini. Nilipofika nyumbani nikaifungua. Ndani mlikuwa na faili la kura za maoni za Afrobarometer, lile lile ambalo mtu yeyote hulipakua bila kulipa hata senti. Huko kusafishwa kwenyewe kulikuwa kufutwa kwa kila aliyejibu "sijui". Nilitoa elfu thelathini kununua bidhaa ya bure iliyoharibiwa.

Kwa hiyo wewe mwenye tasnifu ya kukabidhi au ripoti ya mwisho wa mwezi, anza na hili: katika utafiti wa siasa na uchaguzi, namba zenyewe karibu zote ni bure. Kinachokula hela ni bando, kazi ya kuchapa, programu na muda. Panga bajeti kwa vitu hivyo vinne.

Jua kwanza unatafuta nini

Bidhaa ziko tatu, na kila moja ina duka lake. Ukiuliza nani alipata kura ngapi na wapi, unataka matokeo. Ukiuliza wananchi wanaonaje, unataka kura za maoni. Ukiuliza nchi hii imesimama wapi kidemokrasia ikilinganishwa na jirani, unataka viashiria.

Wengi hupoteza wiki nzima kwa kuchanganya maduka. Chukua Kenya yenye majimbo 290. Kura ya maoni ya watu 2,400 ukiigawa kwa majimbo hayo unabaki na watu wanane kila jimbo. Kwa watu wanane huwezi kusema lolote kuhusu jimbo. Matokeo nayo yatakuonyesha jimbo lilivyopiga kura, lakini hayatakuambia kwa nini. Swali likishakaa sawa, nusu ya gharama imeondoka.

Matokeo rasmi: bure, ila yana uzito wake

Tanzania, nenda kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ile iliyokuwa ikiitwa NEC. Zanzibar, kwa tume yake, ZEC. Kenya, kwa tume yake, IEBC. Bei ni sifuri. Uimara ni wa juu kabisa: hii ndiyo namba ambayo msimamizi wako hataikataa. Tatizo ni umbo lake. Mengi yako kwenye PDF, na mengine ni karatasi zilizopigwa picha, kwa hiyo kompyuta haizisomi kama namba mpaka mtu azichape.

Mfano mzuri ni uchaguzi wa Kenya wa tarehe 9 Agosti 2022. Tume iliweka hadharani picha za Fomu 34A, yaani matokeo ya urais ya kituo kimoja kimoja, kutoka vituo 46,229. Ni hazina. Ila piga hesabu kabla hujachangamka. Tuseme kila picha ina nusu megabaiti: zote ni kama gigabaiti 23 za bando. Tuseme kuchapa fomu moja ni dakika tatu: ni saa zaidi ya 2,300, sawa na siku 289 za kazi ya saa nane. Huo ni mwaka wako wote wa masomo.

Sasa gawa kwa majimbo. Jimbo moja kwa wastani lina vituo 159, yaani kazi ya siku moja kwa mtu mmoja. Ukichagua majimbo matatu kwa sababu nzuri, una utafiti mzuri wa siku tatu za kuchapa. Anayekuambia uchukue nchi nzima, mwulize nani atachapa.

Makusanyo yaliyotengenezwa tayari

Kama huna muda wa kuchapa, wapo waliokuchapia. CLEA ya Chuo Kikuu cha Michigan hukusanya matokeo ya ubunge jimbo kwa jimbo kutoka nchi nyingi. International IDEA ina jedwali la idadi ya waliojitokeza kupiga kura, nchi kwa nchi. Umoja wa Mabunge Duniani, IPU, una Parline, penye takwimu za mabunge, wakiwemo wabunge wanawake. Zote ni bure, na zimeshapangwa kwenye safu na mistari.

Unacholipa hapa ni uhakika. Makusanyo haya huchelewa, na tahajia za majina ya majimbo huyumba. Kabla hujayatumia, toa mistari kumi bila kuchagua, ilinganishe na taarifa ya tume. Ikipatana yote, endelea. Ikikosana miwili, rudi kwenye PDF.

Angalia pia mipaka. Kenya ilikuwa na majimbo 210 kabla ya uchaguzi wa 2013, sasa ni 290. Tanzania ilitoka majimbo 239 mwaka 2010 ikafika 264 mwaka 2015. Mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa 2012, Songwe ikafuata 2016, ikimegwa kutoka Mbeya. Ukiweka "Mbeya 2010" na "Mbeya 2020" kwenye mstari mmoja, unalinganisha mikoa miwili yenye jina moja. Kurekebisha hilo kwa mkono ni kazi ya siku kadhaa, nayo haimo kwenye bajeti ya mtu.

Zanzibar ina mtego wake. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na ZEC, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Jedwali linaloandika "2015" kwa rais wa Zanzibar bila maelezo, lishuku lote.

Kura za maoni: Afrobarometer kwanza

Kwa maoni ya wananchi, hapa kwetu hakuna bei inayoshinda hii. Afrobarometer ilianza 1999, huhoji watu 1,200 au 2,400 kwa nchi, ana kwa ana, kwa lugha wanazozielewa, na hutoa faili zima bure pamoja na dodoso na kitabu cha misimbo. Ukiwa na simu tu, unaweza kutengeneza majedwali hapo hapo kwenye tovuti yao bila kupakua kitu.

Je, sampuli kubwa ina thamani? Watu 1,200 hukupa kosa la takriban asilimia 3 juu au chini, 2,400 hukupa 2. Kazi imekuwa maradufu, faida ni pointi moja. Kumbuka hesabu hiyo pale unapoambiwa uongeze wahojiwa wako.

Kasoro zake ni mbili. Data mpya hukaa kabla ya kutolewa hadharani, kwa hiyo usiitegemee kwa jambo la mwezi uliopita. Na watu waliohojiwa baada ya uchaguzi huwa wanatia chumvi: wanaosema walipiga kura mara nyingi ni wengi kuliko waliopiga. Kwa idadi ya waliojitokeza, amini tume. Kwa sababu zao, uliza kura ya maoni.

Viashiria: vizuri kwa kulinganisha nchi

V-Dem ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, ina mamia ya viashiria vya demokrasia, bure, na inaihesabu Zanzibar peke yake, jambo adimu. Faili lake zima ni zito. Pakua lile dogo la viashiria vikuu, bando lako lisiishie hapo.

Ila elewa unachobeba. Sehemu kubwa ya alama hizo ni hukumu za wataalamu, hazikuhesabiwa kama kura zinavyohesabiwa. Zinafaa kuonyesha mwelekeo wa miaka mingi. Hazifai kuthibitisha kwamba mwaka huu nchi moja imeizidi nyingine kwa nukta mbili.

Tovuti za kulipia

Utaziona kila unapotafuta: chati safi, namba kubwa, kisha pazia la malipo kwa dola. Ushauri wangu ni mfupi. Tazama chini ya chati, mahali palipoandikwa chanzo. Mara nyingi ni tume, ofisi ya takwimu au shirika linalotoa namba hiyo hiyo bure. Fuata chanzo, acha chati.

Ukilazimika kulipia, soma masharti mawili: je, malipo hujirudia yenyewe kila mwezi, na je, bei iliyoandikwa ni ya mwezi ingawa unakatwa ya mwaka mzima? Ongeza makato ya benki ya kubadilisha fedha. Kabla ya yote hayo, muulize mkutubi wa chuo. Huenda chuo kimeshalipia, au ni mwanachama wa hifadhi kama ICPSR ya Michigan, nawe unataka kulipa mara ya pili kwa mfuko wako.

Kuomba kwa sheria

Kenya na Tanzania zote zina sheria ya haki ya kupata taarifa ya mwaka 2016. Raia huandika barua kwa ofisi husika. Sheria ya Kenya inatoa siku 21 za kujibu, ya Tanzania siku 30. Gharama ni ndogo, zaidi ni kunakili. Ni njia nzuri kwa mwenye muhula mzima mbele yake. Kama unakabidhi wiki ijayo, barua hiyo usiiandike.

Kuhoji mwenyewe: ghali kuliko vyote

Hapa ndipo wanafunzi huzama. Tuseme wahojiwa 400, dodoso la kurasa tano, ukurasa mmoja shilingi 100: karatasi peke yake ni 200,000. Tuseme mhojaji anamaliza watu wanane kwa siku: ni siku 50 za kazi. Posho ikiwa 20,000 kwa siku, ni milioni moja. Hujagusa nauli, chakula, vibali, wala siku ile mjumbe wa mtaa amesafiri na hakuna wa kukupeleka kwenye nyumba.

Programu ya bure ya kukusanyia majibu kwenye simu itafuta gharama ya karatasi na ya kuchapa, lakini posho iko pale pale. Na mwisho wa yote, watu 400 wanakupa kosa la asilimia 5 hivi, kama uliwachagua kwa bahati nasibu ya kweli. Ukiwachagua pale stendi kwa sababu walikuwa wamekaa, kosa lake halihesabiki.

Hoji mwenyewe pale tu swali lako haliko kwenye dodoso la mtu mwingine. Hata hapo, mahojiano marefu na watu 20 mara nyingi yana thamani kuliko madodoso 400 ya haraka.

Makato yasiyoandikwa kwenye bei

La kwanza ni kigawanyo. Mwaka 2013 nchini Kenya, Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433. Ukigawa kwa kura zote zilizopigwa, zikiwemo zilizoharibika, ni asilimia 50.07. Ukigawa kwa kura halali tu, ni 50.51. Mahakama ya Juu ilisema zilizoharibika zisihesabiwe. Kura ni zile zile, asilimia ni mbili. Kila jedwali ulinunue au ulipate bure, uliza kwanza: asilimia ya nini?

Vivyo hivyo kwa waliojitokeza. Tanzania ilitoka takriban asilimia 43 mwaka 2010 hadi 67 mwaka 2015. Lakini kati ya hapo daftari la wapiga kura liliandikwa upya kwa mfumo wa kibayometriki, BVR. Unalinganisha chaguzi mbili, na pia madaftari mawili.

La pili ni misimbo. Kwenye faili za Afrobarometer, swali la imani huenda kutoka 0 hadi 3, na "sijui" huandikwa 9. Chukua watu kumi: tisa wamejibu 1, mmoja hajui. Usipoiondoa hiyo 9, wastani wako unakuwa 1.8 badala ya 1. Imani kwa kiongozi imekaribia kuongezeka mara mbili kwa sababu ya mtu mmoja aliyeinua mabega. Lakini usimfute kabisa kama muuzaji wangu wa flashi. Mwondoe kwenye wastani, mhesabu kwenye asilimia, maana wasiojua nao ni matokeo. Na usisahau safu ya uzani, ambayo jina lake huanza na withinwt.

La tatu ni programu. Ile ya kulipia ni ghali, na ile iliyovunjwa kufuli huja na virusi vinavyoweza kula tasnifu yako. PSPP ni bure, inafungua faili hizo hizo, na haihitaji kompyuta kubwa. R nayo ni bure na ina nguvu zaidi, ila itakudai wiki kadhaa za kujifunza. Mwenye haraka achukue PSPP.

Uamuzi

Una wiki moja na bando la kubangaiza: tumia zana ya Afrobarometer mtandaoni, ongeza jedwali moja la tume. Gharama ni bando tu.

Una mwezi: pakua faili la Afrobarometer au CLEA, weka PSPP, hakiki mistari kumi. Ukitaka kuchapa Fomu 34A, majimbo matatu, yasizidi.

Una muhula na fedha kidogo: andika barua ya kuomba taarifa leo, anza na data za bure wakati unangoja, na fedha zako zitie kwenye mahojiano machache ya kina.

Vyovyote utakavyoamua, fungua daftari. Andika jina la faili, ulikolitoa, tarehe uliyolipakua, na kila ulichobadilisha. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku msimamizi atakapouliza 50.07 au 50.51, jibu liwe kwenye ukurasa wako. Aliyeniuzia flashi hakuwa na daftari. Ndiyo maana hadi leo sijui alifuta watu wangapi.