Skrubu ya boksi la usukani haina kosa

Swali ni lile lile: gari la zamani limefungwa pawa steringi, usukani umekuwa mwepesi, lakini gari linatangatanga barabarani; je, skrubu iliyo juu ya boksi ikazwe mizunguko mingapi? Mara nyingi gari lenyewe ni Land Cruiser ya 40, ambayo Japani iliacha kuiunda mwaka 1984, na boksi limetolewa kwenye Land Cruiser ya 60. Jibu ni kwamba isikazwe hata robo mzunguko mpaka ijulikane kwa nini gari linatangatanga. Swali hilo limemhukumu mshitakiwa kabla shahidi hajasimama, na fundi anayelijibu kwa kutaja idadi ya mizunguko bila hata kuinama chini ya gari hafai kukabidhiwa usukani wa mtu.

Skrubu ile haikuwekwa ili iondoe kila uchezaji unaosikika mkononi. Kazi yake ni kusogeza shafti ya meno inayotokeza chini ya boksi, ili meno hayo yakaribiane na yale ya kipande kinachosukumwa na gololi ndani. Meno hayabani sawasawa kote. Yameundwa yabane zaidi katikati, pale magurudumu yanapotazama mbele, na yaachie kidogo usukani ukikatwa kulia au kushoto. Kwa hiyo uchezaji kidogo nje ya katikati ndivyo boksi lilivyoundwa. Sasa tazama kinachofanyika gereji nyingi: boksi linafungwa, usukani unaonekana umekaa upande, fundi anauchomoa na kuurudisha ukiwa umenyooka. Macho yanaridhika, lakini ndani boksi halijakaa katikati. Gari likienda moja kwa moja, meno yako kwenye sehemu iliyokusudiwa iwe legevu. Dereva anasikia uchezaji, skrubu inakazwa, na uchezaji unapotea. Kisha kwenye kona, usukani unapopita katikati halisi ya boksi, meno yanabanana chuma kwa chuma. Usukani hautelezi tena kurudi, dereva anaurudisha kwa nguvu, anapitiliza, anasahihisha, anapitiliza tena. Gari lililokuwa linatangatanga sasa linayumba.

Wapo watakaosema kwamba lao lilikazwa na likapona. Huenda kweli, ikiwa boksi lilikuwa limechakaa na limefungwa likiwa katikati. Kazi hiyo ndiyo iliyowekewa skrubu. Lakini hata hapo hurekebishwa boksi likiwa katikati na draglinki imefunguliwa, kwa kipimo cha mtengenezaji, wala si kwa kubahatisha na spana huku magurudumu yamesimama chini. Wengine watadai kwamba usukani wa pampu ni mwepesi mno, hivyo kuubana kidogo kunautuliza. Huko ni kuchanganya uzito na uthabiti. Kinachorudisha magurudumu mbele ni kasta, yaani mlalo wa kingipini kuelekea nyuma. Magari ya usukani wa mkono yalipewa kasta ndogo kwa sababu kasta kubwa hufanya usukani uwe mzito. Pampu imeuondoa uzito huo, huku boksi lenyewe likiongeza msuguano unaopaswa kushindwa ili usukani urudi. Kasta ile ndogo haitoshi tena. Ukibana skrubu unaongeza msuguano ule ule unaozuia usukani kurudi. Na kama springi zimeinuliwa au shekeli zimerefushwa, huenda hata kasta ndogo iliyokuwepo imeshaliwa.

Basi fanya hivi, kwa mpangilio huu. Washa injini, mtu mmoja atikise usukani taratibu kulia na kushoto, mwingine alale chini na kufuata mwendo: shafti inayoingia kwenye boksi, mkono unaotoka, draglinki, tairodi, gurudumu. Pale mwendo unapoingia usitoke, ndipo kosa lilipo. Tazama pia boksi lenyewe. Likicheza pamoja na chasisi, bolti zinabana chuma chenye uwazi ndani au chasisi imepasuka, na dawa ni kuweka mabomba ya kupitishia bolti, bamba nene pande zote mbili na uchomeleaji wa mtu anayeujua. Fungua draglinki, hesabu mizunguko ya usukani toka mwisho hadi mwisho, rudi nusu yake, nyoosha magurudumu, kisha rekebisha urefu wa draglinki mpaka iingie yenyewe. Usukani uchomolewe mwishoni kabisa. Badilisha boli jointi zilizolegea na kaza beringi za kingipini. Pima kasta kwenye mashine ya alaimenti. Ikipungua, weka kabari za chuma kati ya springi na ekseli, ila usizidishe, kwa sababu ekseli ikilala na pembe ya propela shafti inabadilika. Pampu ikiguna na mafuta yakitoa povu, toa hewa na tumia mafuta ambayo pampu hiyo imeandikiwa. Mafuta ya breki yanaharibu sili.

Hayo yote yakishafanywa na uchezaji ukabaki ndani ya boksi lililo katikati, hapo ndipo skrubu iguswe. Kama lako tayari limekazwa na usukani haurudi baada ya kona, usisafiri nalo. Lipeleke likafunguliwe leo.