Kinamasi cha kutengenezwa chaweza kusafisha maji taka kwa gharama nafuu

MAJI taka yanayotoka katika nyumba za mtaa wa Woodley, jijini Nairobi, yana safari ndefu. Yale yanayobahatika kuingia katika mabomba ya jiji husafiri zaidi ya kilomita 20 kuelekea mashariki, yaliko madimbwi makubwa ya kuyasafisha. Mengine, hasa ya Kibera jirani ambako nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba hayo, hutiririka hadi Mto Motoine na kuingia Bwawa la Nairobi. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa, na zamani watu walicheza humo kwa mashua za tanga. Siku hizi limemezwa na magugu.

Hata hivyo, kilomita chache kusini mwa Woodley, karibu na Barabara ya Langata, kulifanyika jaribio linalostahili kukumbukwa. Mnamo 1994 kulitengenezwa kinamasi cha ukubwa wa takriban nusu hekta, kijulikanacho kama Splash, ili kisafishe maji taka ya mikahawa miwili, ukiwamo ule maarufu wa Carnivore.

Namna kinavyofanya kazi si muujiza. Maji hutuama kwanza tangini ili uchafu mzito uzame na mafuta yaelee. Kisha hupita polepole katikati ya changarawe iliyopandwa mimea ya majini kama matete, chini yake pakiwa pamezibwa yasipenye ardhini. Wengi hudhani kwamba mimea ndiyo inayonyonya uchafu wote. Ukweli ni kwamba kazi kubwa hufanywa na bakteria wanaojishikiza kwenye mawe na mizizi, huku mizizi hiyo ikiwapelekea oksijeni kidogo. Kwa kuwa maji hayaonekani juu ya changarawe, mbu hawapati pa kuzalia na harufu hupungua. Baada ya hapo maji huingia katika vidimbwi vya wazi, ambako jua na hewa huendeleza usafishaji. Eneo likiwa na mteremko, umeme hauhitajiki, na dawa za viwandani pia hazihitajiki. Hapo ndipo unafuu ulipo.

Watafiti walikichunguza kinamasi hicho kwa miezi minne, kuanzia Desemba 1995 hadi Machi 1996, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001. Kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu huhitaji ili kuozesha uchafu, kipimo kikuu cha ubaya wa maji taka, kilishuka kutoka miligramu 1,603 hadi 15.1 kwa lita. Chembechembe zinazoelea zilipungua kutoka miligramu 195.4 hadi 4.7. Amonia haikuonekana tena mwishoni, na msimu wa mvua haukuathiri utendaji. Maji yalirudishwa kutumiwa tena katika mikahawa hiyo.

Si kila kipimo kilichopendeza. Kanuni za ubora wa maji zilizotolewa Kenya mwaka 2006 ziliruhusu miligramu 30 kwa kipimo kile cha kwanza, na hapo Splash ingefaulu kwa urahisi. Lakini kipimo cha uchafu unaoweza kuunguzwa kwa kemikali kilibaki 95.6, ilhali kanuni hizo ziliruhusu 50.

Kikwazo kikubwa zaidi ni ardhi. Katika nchi za joto, kinamasi cha changarawe huhitaji takriban mita mraba moja hadi tatu kwa kila mtu. Woodley ya nyumba za bustani ingepata nafasi hiyo bila shida, lakini nyumba hizo zinapisha maghorofa. Kwa maghorofa yenye nyumba 1,000, kila moja ikiwa na watu watatu, na tukikadiria mita mbili kwa mtu, patahitajika mita mraba 6,000, yaani karibu ekari moja na nusu. Mjenzi gani wa Nairobi atakubali kuiachia matete ekari hiyo? Jambo hilo linaelekea kuwezekana zaidi shuleni, hospitalini na katika taasisi zenye viwanja, mradi awepo mtu wa kufyeka matete na kuondoa tope tangini kabla halijaziba changarawe.