Barua pepe ya ofisi inavyoweza kufuta simu yako nzima

Mtu akipewa anwani ya barua pepe ya ofisi, kitu cha kwanza ni kuiweka kwenye simu yake. Dirisha la ruhusa linatokea, maneno mengi, anabonyeza kukubali bila kusoma. Humo mara nyingine imo ruhusa ya kufuta simu.

Kampuni nyingi hutumia Microsoft Exchange, seva inayobeba barua pepe, kalenda na namba za wafanyakazi. Huongea na simu kupitia ActiveSync. Ndiyo inayofanya barua iingie papo hapo, na kikao alichopanga bosi kionekane kwenye kalenda ya simu. Lakini njia hiyo hiyo hubeba amri. Fundi wa IT anaweza kuilazimisha simu iwe na nywila, na tangu 2005, Exchange 2003 ilipoongezewa uwezo huo, anaweza kuifuta akiwa mbali.

Lengo ni zuri: simu ikiibwa kwenye daladala, siri za kampuni zisiende na mwizi. Shida ni kwamba amri kamili haichagui. Simu inarudi kama ilivyotoka dukani. Picha za watoto, meseji za WhatsApp, vyote vinaondoka pamoja na barua za kazi. Na si lazima iibwe. Mfanyakazi akiacha kazi, fundi akabonyeza amri kamili badala ya ile ya kufuta akaunti tu, basi tena. Kama hakuna nakala Google au iCloud, hakuna pa kuvipata.

Programu ya Outlook ya simu ina nafuu, maana amri ikifika hufuta data zake yenyewe tu. Kwenye Android, kampuni inaweza pia kutengeneza wasifu wa kazi, ambapo programu za ofisi huwa na alama ya kibegi na kufutwa peke yake. iPhone yenye akaunti hiyo kwenye programu yake ya Mail inaweza kufutwa yote.

Wa Android aangalie mipangilio ya usalama, kwenye orodha ya programu zenye mamlaka ya msimamizi wa kifaa, aone kama ipo iliyoruhusiwa kufuta data yote. Anayeacha kazi aondoe akaunti mapema: amri hukaa kwenye seva ikisubiri simu iunganishwe, na simu isiyo na akaunti hiyo haiipokei.