Dawa ya maji ipewe jina linaloeleweka

ABIRIA anayevuka Mto Ruvuma kutoka Kilambo, Mtwara, na kushuka Namoto, huingia nchi ambayo lugha ya serikali ni Kireno. Wenyeji wa pwani hiyo, hata hivyo, huzungumza Kimakwe, Kimakonde, Kimwani na Kiswahili. Ofisa uhusiano anayesoma taarifa yake kwa Kireno pekee hapo ametimiza utaratibu tu.

Hasara yake imeshaonekana. Kaskazini mwa Msumbiji, wahudumu wa afya wamewahi kushambuliwa kwa uvumi kwamba wanatia kipindupindu visimani, kumbe wanatia dawa ya kusafisha maji. Kwa Kireno dawa hiyo ni “cloro”, ugonjwa ni “cólera”. Sikio lisilozoea haliyatofautishi. Mwanasosholojia Carlos Serra alitoa kitabu kuhusu ghasia hizo mwaka 2003. Bado Aprili 7, 2024, boti iliyotoka Lunga, mkoani Nampula, ilizama na kuua watu zaidi ya 90, na viongozi walisema wengi walikuwa wakikimbia uvumi wa kipindupindu.

Anayepeleka dawa hiyo Namoto aanze na wazee wa kijiji na wanawake wanaochota maji. Aiite dawa ya maji, basi. Aitie kwenye ndoo mbele yao, kisha amwombe mmoja aeleze kwa lugha yake alichosikia, akikosea, arudie. Maji husubiri nusu saa kabla ya kunywewa, muda unaotosha kujibu maswali. Kikombe cha kwanza anywe yeye.