Rangi Zinenazo Pasi na Sura

Mtu akionyeshwa picha isiyo na mtu, mnyama wala mti, neno la kwanza kumtoka ni hili: "Hii ni picha ya nini?" Swali hilo si la kuchekwa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, watu wa Munich, mji wa kusini ya Ujerumani, waliliuliza kwa hasira mbele ya kazi za Wassily Kandinsky na wenziwe. Leo, msomaji wangu, nataka tulijibu taratibu, kwani jawabu lake haliko mbali nasi kama tudhanivyo.

Kandinsky alikuwa Mrusi, msomi wa sheria, aliyehamia Munich mwaka 1896 ili ajifunze kuchora. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba jioni moja aliingia chumbani mwake akaona picha yenye uzuri wa ajabu, asiweze kutambua imechorwa nini. Alipoisogelea akagundua kuwa ni picha yake mwenyewe, imesimamishwa ubavu. Hapo akatambua kwamba vitu alivyokuwa akivichora ndivyo vilivyokuwa vikimharibia kazi.

Mwishoni mwa 1911 alitoa kitabu juu ya roho katika sanaa. Humo alieleza kwamba rangi ina mwendo wake. Manjano humjia mtazamaji kwa ukali, kama sauti ya tarumbeta. Buluu hujivuta nyuma, ikamwita mtu kwenye utulivu. Na kila inavyozidi kukoza ndivyo inavyozidi kuwa na kina. Umbo nalo lina tabia yake: manjano hupata nguvu katika umbo lenye ncha, kama pembe tatu, na buluu hutulia katika duara. Basi mchoraji hana budi kuozesha rangi na umbo, asije akaviunganisha visivyopatana.

Sisi watunzi wa mashairi jambo hili halitushindi. Mtoto husikia utenzi ukighaniwa, maneno hayajui, lakini vina na mizani vimekwisha kumtuliza. Maana huja baadaye. Kandinsky alitaka rangi iwe kama kina, na umbo liwe kama mizani.

Sasa sikiliza ajabu nyingine. Mwaka 1910 Munich ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa za Waislamu: mazulia, vyombo, silaha na vitabu, jumla ya vitu zaidi ya 3,000. Kandinsky aliyatazama. Rafiki yake Franz Marc naye akaandika kwamba ni hasara picha kubwa ya Kandinsky haiwezi kutundikwa kando ya mazulia yale ya Kiislamu, watu wakapata kulinganisha. Sisemi kwamba Wajerumani walituiga. Nasema kwamba walipokuwa wakitafuta njia ya kunena bila sura, walikuta wengine wamekwisha kuipita karne nyingi.

Marc na Kandinsky ndio walioanzisha kundi la Mpanda Farasi wa Buluu, lililofungua maonyesho yake ya kwanza Desemba 1911. Kwa Marc, buluu ilikuwa rangi ya kiume na ya kiroho, manjano ya kike yenye upole na furaha, na nyekundu ndiyo uzito wa dunia. Ndiyo maana farasi wake ni wa buluu: hakuchora ngozi ya farasi, alichora roho.

Aprili 1914 Paul Klee na August Macke, pamoja na Mswisi Louis Moilliet, walikwenda Tunisia. Huko Kairouan, mji wa msikiti mkongwe, Klee aliandika katika shajara yake kwamba rangi imemshika, hana haja tena ya kuifukuzia. Tazama picha yake ya Hammamet ya mwaka huo: msikiti umo, lakini chini yake nchi imegeuka vipande vya rangi, kimoja kikimjibu mwenzake.

Furaha hiyo haikudumu. Macke aliuawa vitani Septemba 1914, umri miaka 27. Marc akauawa karibu na Verdun Machi 1916. Na mwaka 1937 serikali ya Hitler ilikusanya kazi zaidi ya 600 za wachoraji wa namna hii, zikatundikwa Munich ili umma uzicheke, zikaitwa sanaa potofu. Mtawala anayetaka kila kitu kiseme lile alilokiamuru huiogopa hata rangi ya buluu.

Aliyeziokoa nyingi ni mwanamke, Gabriele Münter, mchoraji aliyekuwa mwenzi wa Kandinsky. Alizificha ghalani chini ya nyumba yake huko Murnau, na mwaka 1957 akazitoa zawadi kwa mji wa Munich. Zimo katika jumba la Lenbachhaus.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya namna hii, usianze kwa kuuliza ni ya nini. Uliza rangi hii inaitana na ipi, na umbo hili limetulia au lina vita. Nakshi za mlango wa Lamu hazina sura ya kiumbe, na hakuna aliyepata kusema kwamba hazineni.