Chapati Chini ya Godoro

Mlezi anatandika kitanda asubuhi, anakuta chini ya godoro vipande vya chapati vilivyoota ukungu. Jana mtoto alikula akashiba, na chakula kikabaki. Katika nyumba nyingi kinachofuata kinajulikana: anaitwa, anaulizwa kwa nini anaiba ndani ya nyumba inayomlisha, na akinyamaza anaonekana jeuri.

Mtoto aliyewahi kulala njaa, au kunyimwa chakula kama adhabu, hafichi kwa uroho. Mwili wake umejifunza kutoamini kesho. Kiwewe cha utotoni hufanya kazi hivyo. Amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, huzoea kukesha; mlango ukibamizwa tu, homoni za msongo hupanda, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima na kuamua, inazidiwa. Ndiyo maana swali la “kwa nini umefanya hivi?” halipati jibu la maana. Mara nyingi mtoto mwenyewe hajui.

Bruce Perry, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto nchini Marekani, anasisitiza mpangilio: kwanza mtoto atulie, kisha ajisikie yuko na mtu wake, ndipo aelekezwe. Wengi wetu tunaanzia kwenye maelekezo. Kufuata mpangilio huo si kumdekeza mtoto. Aliyemrushia mwenzake kikombe ataokota vigae na ataomba radhi, ila baada ya pumzi zake kushuka, na mlezi akiwa ameketi naye, si amemsimamia kichwani. Na yule wa chapati apewe kopo lake lenye karanga au biskuti, likae kando ya kitanda. Likiisha lijazwe, bila hotuba. Kuficha kunaweza kuendelea kwa miezi, na siku kukirudi baada ya kukoma, haina maana kwamba kazi imeharibika.

Ugumu upo kwa mlezi pia. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Kati ya waliohojiwa wakiwa na miaka 18 hadi 24, karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume, walieleza kufanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Vijana wale leo ndio baba, mama wadogo na shangazi wanaopokea watoto wa ndugu zao. Tunapowaambia waweke fimbo chini, tunawaomba watoe ambacho wengi wao hawakupewa. Naamini wanaweza. Siamini kwamba semina ya siku moja inatosha kuwafikisha hapo.

Mfano ninaourejea sana ni wa Romania. Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walifuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakilelewa katika vituo vya Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwa familia za malezi. Waliotoka vituoni kabla ya kufikisha miaka 2 hivi ndio waliofanikiwa zaidi kujenga ukaribu wa kweli na walezi wao. Matokeo hayo hunukuliwa kila panapozungumzwa kufunga vituo. Kinachosahaulika ni kwamba familia zile zilichaguliwa kwa makini, zikalipwa, na maofisa ustawi waliwatembelea walezi mara kwa mara na kuwasikiliza.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inaruhusu mtoto kukabidhiwa kwa familia ya kuaminika, na hilo ni jambo jema. Lakini watoto wengi hawapiti huko. Wanafika kwa bibi na mfuko mmoja wa nguo baada ya msiba au baada ya kesi, na kuanzia siku hiyo bibi anasifiwa kwa moyo wake na kuachwa peke yake. Mtoto anapiga mayowe saa nane za usiku, bibi ana presha, na alfajiri anatakiwa awe gengeni. Hata ajue kila kitu kuhusu kiwewe, mtu asiyelala hawezi kumtuliza mwingine. Afisa ustawi anapokuja kukagua kitanda na chandarua, amuulize pia bibi analala saa ngapi, na nani humshikia mtoto siku yake ya kliniki. Kama jibu ni “hakuna”, jina la mtu huyo litafutwe kabla afisa hajaondoka.